Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: karatasi peke yake haimfikishi mtu kwenye kikundi

Wakuu wa afya, wakurugenzi wa hospitali, madaktari na manesi wa zamu, maafisa ustawi wa jamii, mabosi wa maofisini na viwandani, na nyie mnaoshika funguo za kumbi tunazokutania, nawasalimu.

Naandika kama mtu ambaye pombe nimeiacha na bado naendelea kuiacha, na kila wiki nakaa kwenye kikundi na wenzangu tuliotoka hukohuko. Jina langu sitaweka. Si kwamba naogopa, ni utaratibu wetu, vikundi vingi mtu hajitangazi jina lake kamili hadharani, na nikianza mimi kuvunja hilo hapa basi yule ambaye bado anajificha huko alipo atasema kumbe nikienda na mimi nitaanikwa. Naamini mtanielewa.

Nina jambo moja na nitalisema moja kwa moja. Mtu anayetaka kuacha pombe mkimwambia "katafute kikundi" na kumpa kikaratasi, wengi hawafiki. Hawafiki si kwa sababu hawataki kuacha, hawafiki kwa sababu kati ya mlango wenu na mlango wetu hakuna mtu anayemshika mkono. Nawaomba hicho kipande cha njia mkichukue kama kazi yenu, kama mnavyochukua dawa na vipimo.

Inavyokuwa ni hivi. Mtu kalazwa, labda kwa ini, labda kwa ajali, labda ndugu zake wamemleta usiku anatetemeka mwili mzima. Mnamtibu vizuri tu, kwa hilo nawapa heshima yenu. Siku ya kuruhusiwa anapewa dawa, anapewa tarehe ya kurudi, halafu mwishoni kabisa wakati ameshashika begi lake ndo mtu anamwambia na pombe uache sasa, kuna vikundi vya watu wanaoacha, hii hapa orodha. Orodha yenyewe ni fotokopi ya fotokopi, namba nyingine hujui ni 3 au ni 8. Anaitia mfukoni. Siku mbili tatu baadaye anaitoa, namba ya kwanza haipatikani, ya pili inaita mpaka inakata, ya tatu anapokea mtu anasema mimi huko nilishatoka siku nyingi. Sasa hapo ni wangapi watapiga ya nne? Na huyu anayepiga mikono bado inamtetemeka, usiku hajalala, aibu imemjaa, na kichwani kuna sauti inamwambia unajisumbua bure, kunywa kidogo tu utulie, kesho utaanza. Nyie labda hiyo sauti hamuijui, sisi tunaijua vizuri sana na haichoki.

Tuseme sasa amepata kikundi ambacho kipo kweli, na saa imeandikwa sawa. Bado kuna mlango. Sijui niwaelezeje habari ya ule mlango mtu ambaye hajawahi kusimama mbele yake. Anafika kwenye jengo hajui ni ghorofa ya ngapi, hakuna kibao, hawezi kumuuliza mlinzi kwa sababu atauliza nini, "samahani walevi wanakutania wapi"? Anaona watu wamesimama nje wanacheka wanavuta sigara, anajiambia hao si walevi, walevi hawawi hivyo, nitakuwa nimekosea. Anaogopa atakutana na mtu wa kazini kwake. Anaogopa ataambiwa asimame aongee. Anaogopa ataambiwa aokoke. Anaogopa akiingia tu basi ndo kakubali yeye ni nani, na hilo ndilo zito kuliko yote. Anazunguka jengo mara moja, anaondoka. Nyie kwenye faili mmeandika "ameelekezwa kikundi", na kweli ameelekezwa, lakini hakuna aliyemuona ndani.

Na jambo hili lina muda wake. Ile nia ya kuacha haikai imetulia wiki nzima inakusubiri. Inakuja kwa nguvu asubuhi moja, au siku ile daktari amesema neno, au usiku ule mtoto amemuangalia kwa namna fulani, halafu inaanza kupungua. Ikikuta mtu wa kuzungumza naye ndani ya siku moja au mbili, kuna kitu kinaweza kuanza. Ikikutana na orodha ya namba mbovu inaisha, na inavyoisha inaacha nyuma imani mpya kwamba nimejaribu kutafuta msaada na haupo.

Sisemi haya kwa sababu ya uchungu peke yake. Kuna utafiti mdogo wa siku nyingi, ulichapishwa mwaka 1981, na kwangu mimi ungebandikwa ukutani kwenye kila wodi. Watu 20 waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza walipewa maelezo ya kawaida, kikundi kipo wapi, saa ngapi, nenda kakitembelee. Kundi la pili mshauri wao alipiga simu kwa mwanachama wa kikundi palepale mteja akiwa amekaa, wakaongea wenyewe kwa wenyewe, yule mwanachama akasema nitakusindikiza, na kabla ya mkutano akampigia tena kumkumbusha. Kundi la pili walienda wote. La kwanza hakwenda hata mmoja. Najua watu 20 ni wachache na mtaniambia hivyo, sawa, lakini tofauti ya wote na hakuna hata mmoja si tofauti ya kuiacha ipite, na kilichofanya tofauti hiyo ni simu mbili na mtu wa kumsindikiza. Si mashine, si jengo, si bajeti mpya.

Na mkiangalia historia, AA yenyewe, yaani Alcoholics Anonymous, ule umoja mkubwa wa vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, ilianza kwa simu. Mei 1935 Bill Wilson alikuwa hotelini Akron, Ohio, kule Marekani, biashara iliyompeleka imeharibika, hajanywa kwa miezi kadhaa, na baa iko hapohapo hotelini. Alichofanya ni kwenda kwenye simu, akapiga kwa mtu wa kanisa, akaelekezwa kwa huyu na yule mpaka akampata mama mmoja anaitwa Henrietta Seiberling, na mama huyo hakumpa anwani akamwacha, alimkutanisha kwake mwenyewe na daktari wa upasuaji aliyekuwa anasumbuliwa na pombe vibaya, Dr. Bob Smith. Daktari alikubali kukaa dakika 15 tu. Walikaa masaa. Dr. Bob akanywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935 na siku hiyo ndo inahesabiwa kuwa mwanzo wa AA, ambayo leo ipo kwenye nchi zipatazo 180. Mimi nikiisoma hiyo habari simuangalii Bill wala daktari, namuangalia yule mama katikati. Yeye hakuwa mlevi wala hakuwa na tiba yoyote. Alikutanisha watu wawili mapema kabla nia haijaisha. Hiyo nafasi ya katikati ndo nafasi yenu.

Wengine wenu najua mnaviona vikundi kama kitu cha kujifariji tu, watu wanakaa duara wanalia. Basi niwaambie kwamba mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima tiba ipi inafanya kazi, walitoa mapitio yao, walikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, na wakakuta kwamba tiba zinazomsukuma mtu kwa utaratibu maalum kuingia AA na kushiriki ziliwasaidia zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zinazotambulika. Kwenye mwaka mmoja ilikuwa kama watu 42 kwa kila 100, wakati kwa zile nyingine ikiwemo tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na tabia ilikuwa 35. Sasa soma hapo vizuri, "kwa utaratibu maalum". Haisemi kumtajia mtu jina la kikundi. Inasema mtaalamu anakaa naye, anamuandaa, anamuunganisha, anafuatilia umeenda, umeonaje, utarudi lini. Kwa hiyo anayesema vikundi havisaidii ajiulize kwanza aliwapelekaje watu huko.

Na ukubwa wa tatizo mnaujua kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani wamesema mwaka 2019 watu milioni 2.6 walikufa kwa sababu zinazotokana na pombe, na kwamba watu kama milioni 400 kuanzia miaka 15 kwenda juu wana matatizo ya matumizi ya pombe, kati yao milioni 209 wakiwa tegemezi kabisa. Hao wote hawawezi kulazwa, hakuna vitanda hivyo popote. Kikundi hakina vitanda, hakilipishi, kinafunguliwa jioni wakati kliniki zenu zimefungwa, na Jumapili kipo. Mnacho kitu cha namna hiyo jirani yenu na hamjui hata kinakutana chumba gani?

Ninachoomba ni hiki. Kwenye kila kituo awepo mtu anayejulikana, nesi au afisa ustawi au kaunsela, ambaye ana namba za wanachama wawili watatu wa vikundi tofauti, wanaume na wanawake, watu waliokubali wenyewe kupigiwa. Sisi tupo, jamani, kusaidia mwenzetu anayeanza ni sehemu ya kupona kwetu sisi wenyewe, hatua ya mwisho kati ya zile hatua 12 za kupona za AA inatutaka tufanye hivyo, mkipiga mnatusaidia na sisi. Mgonjwa akisema angependa kujaribu, mwombeni ruhusa kwanza, hii ruhusa ni lazima maana siri yake ni yake, halafu pigeni hapohapo mkiwa naye. Mpeni simu aongee. Hata dakika tatu zinatosha, asikie sauti ya mtu inayosema mimi pia nilikuwa hivyo, kesho nitakuwa nje ya jengo saa fulani nimevaa shati la rangi fulani, tutaingia pamoja. Kesho yake asubuhi mpelekeeni meseji. Na akija tarehe yake ya kurudi msimuulize tu "unaendelea kunywa?", muulizeni mkutano ulikuwaje, nani uliongea naye, kama hakikukufaa hicho tujaribu kingine kipi.

Mtasema hamna muda. Muda wa kumlaza tena mgonjwa yuleyule kwa tatizo lilelile mnaupata wapi? Nauliza kwa heshima, ila nauliza kweli.

Ila naomba msinielewe vibaya hapa, na hili nalisisitiza kwa sababu kuna watu wanakufa. Kikundi si mahali pa kumpeleka mtu ambaye mwili wake umezoea pombe kila siku akaambiwa aache ghafla leo. Arosto ya pombe si ya kuchezea. Inaanza ndani ya masaa 6 mpaka 24 tangu glasi ya mwisho, kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, na kwenye siku hizo mbili za mwanzo mtu anaweza kupata kifafa hata kama hajawahi kuwa nacho maishani, na baadaye kidogo, siku ya pili ya tatu, anaweza kuchanganyikiwa akaona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo isipotibiwa inaua. Hiyo ni kazi ya daktari, ina dawa zake, ina vitamini B1 ya kulinda ubongo, inahitaji mtu wa kumuangalia. Sisi kwenye kikundi tumeona watu wanaingia wakiwa kwenye hali hiyo na tunachoweza kufanya ni kuwakimbiza kwenu. Kwa hiyo mlango uwe wa pande mbili. Mkituletea watu mapema, na nyie mkubali tukiwaletea mtu usiku msimwambie "huyu ni mlevi tu mwache alale".

Na dawa zipo pia za baadaye, za kupunguza ile hamu, naltrexone na acamprosate, na ipo disulfiram ya zamani inayomfanya mtu ajisikie vibaya akinywa pombe. Watu wengi hawajawahi hata kutajiwa. Mwandikieni anayefaa na mpelekeni kikundi vilevile, havigombani. Nasema hivi kwa sababu najua kuna wenzetu ndani ya vikundi wanamwambia mgeni ukinywa dawa hujapona kweli, tupa hizo. Hilo ni kosa na ni hatari, AA wenyewe wameandika wazi kwamba mwanachama asicheze udaktari. Viongozi wa vikundi mnaosoma hii, mkisikia mtu anasema hivyo mkatazeni palepale, msisubiri baadaye.

Turudi kwenye orodha maana hazitaisha na zina kazi yake. Orodha nzuri ni ile yenye tarehe ya mara ya mwisho kuhakikiwa. Iandikwe juu kabisa. Mtu apige au aende akaone, kila baada ya miezi michache, mkutano upo au umekufa. Halafu iandikwe vitu ambavyo mgeni anavihitaji, siyo jina na siku tu. Ni mkutano wa wazi au wa ndani? Wa wazi anaweza kuja yeyote, mke, dada, mwanafunzi wa udaktari, wa ndani ni kwa wale tu wenye nia ya kuacha. Mgeni akienda na mkewe mkutano wa ndani akaambiwa mama asubiri nje, kuna uwezekano mkubwa watarudi nyumbani wote wawili. Iandikwe mlango gani, ghorofa gani, kuna ngazi tu au anayetembelea kiti cha magurudumu anafika. Wanaongea lugha gani. Kuna wanawake? Mtu anaweza kuja na mtoto? Kuna wa onlaini? Tangu 2020 mikutano ya onlaini imekuwa mingi na kwa mtu aliye mbali au anayeogopa kuonekana imekuwa mlango mzuri wa kwanza, anaweza kuzima kamera akasikiliza tu. Mimi binafsi naona chumbani na watu ni bora zaidi, kuna kitu mtu anapata akikaa karibu na mwenzake anayepumua, lakini simnyimi mtu onlaini kama ndo inamfikisha.

Na msidhani kikundi ni AA peke yake. Kwa wengi itakuwa AA kwa sababu ndo kiko karibu, lakini kuna watu habari ya "nguvu kubwa zaidi", yaani Mungu kama kila mtu anavyomwelewa, na sala ya mwisho ya mkutano inawakwaza, na kuna wengine sala hiyohiyo ndo inawashika. Upo SMART Recovery, ulianza 1994, unatumia mbinu za kisaikolojia na hauna hatua wala Mungu ndani yake. Upo Women for Sobriety tangu 1975, wa wanawake. Vipo vya makanisani na misikitini, vipo vya hospitali zenyewe. Mtu apewe kuchagua. Na aambiwe kabla, kwa maneno haya haya, kwamba kikundi cha kwanza kinaweza kisimfae na hiyo haimaanishi yeye ndo hafai. Vikundi vya jina moja vinatofautiana sana, kimoja cha wazee wanaorudia hadithi zilezile, kingine vijana, kingine wanacheka muda wote, kingine kimya kizito. Ajaribu kadhaa kabla hajasema haiwezekani. Sisi tuna desturi ya kumwambia mgeni mikutano 90 ndani ya siku 90, si sheria, ni ushauri, na kwa aliyetoka kulazwa jana inasaidia kwa sababu jioni ndo muda mbaya na inajaza jioni.

Sasa nyie wenye funguo za kumbi. Makanisa, misikiti, shule, vituo vya jamii, hospitali zenye chumba cha mafunzo kinachokaa kitupu kuanzia saa kumi na moja jioni. Hatuombi pesa. Tena AA ina kanuni kwamba kila kikundi kijitegemee chenyewe na kisipokee michango ya nje, kwa hiyo hata mkitoa hela tutakataa, kile kikapu kinachopitishwa ni cha wanachama wenyewe na mgeni halazimiki kuweka kitu. Tunaomba chumba kwa kodi ndogo tunayoweza kulipa, na tunaomba kisihamishwe hamishwe. Hili linaonekana dogo kwenu. Siku mmekitoa chumba kwa kikao kingine bila kutuambia, sisi wa zamani tunapigiana simu tunakaa hata nje. Lakini siku hiyohiyo kuna mtu mmoja amejikaza wiki nzima, amekuja peke yake, amekuta kufuli. Huyo hana namba ya mtu yeyote. Huyo ndo ninayemwombea kwenu. Kama lazima mkibadilishe, bandikeni karatasi mlangoni yenye chumba kipya na namba ya simu, na mwambieni mlinzi ajibu kwa upole akiulizwa, asimuangalie mtu kuanzia juu mpaka chini.

Mabosi, kwenu sitakaa sana. Mfanyakazi akiomba kubadilishiwa shifti jioni mbili kwa wiki na hataki kueleza sana, mruhusuni. Akiwaambia ni kwa ajili ya kikundi, hiyo habari ikae kwa aliyeambiwa, isiende kwa wenzake. Na ile fomu ya kusainiwa kila mkutano kuthibitisha amehudhuria, mnaweza kuitaka, kuna vikundi vitasaini na kuna ambavyo havitasaini, msimuadhibu mtu kwa kuwa kikundi kimekataa. Ukweli saini haiwaambii chochote, mtu anaweza kukaa nyuma akasinzia saa nzima akapata saini yake. Mkitaka kujua kama anapona angalieni kazi yake na afya yake.

Kuna jambo halisemwi sana na nisipolisema nitakuwa nimewaficha. Wanawake wapya hawako salama kwenye kila kikundi. Wapo wanaume, wachache lakini wapo, wanaomvizia mgeni aliyekuja amevunjika moyo, wanajifanya wasaidizi, namba za simu, lifti za usiku, mpaka dada wa watu anaacha kuja na anarudi kwenye chupa akiwa na jeraha la pili. Ndiyo maana nimesema muwe na namba za wanawake wa kumpokea mwanamke mwenzao, na ndiyo maana sponsa, yaani yule mwenzako mzoefu anayekuongoza hatua kwa hatua, desturi yetu anakuwa wa jinsia yako. Mnaowaelekeza watu kwenye kikundi, ulizeni huko nani anapokea malalamiko na mtu kama huyo akijulikana anafanywa nini. Kikundi kisichokuwa na jibu msimpeleke mtu huko mpaka kiwe nalo. Siri ya kikundi ni kwa ajili ya kumlinda anayepona, haikuwekwa kumfichia mtu ubaya wake, na viongozi wenzangu naomba mlisikie hili hata kama linauma.

Familia nazo. Mara nyingi anayekuja kwenu kwanza ni mke au mama au mtoto mkubwa, mwenyewe yuko nyumbani anakataa kwamba ana shida. Mnamrudisha na maneno "mleteni mwenyewe". Jamani, huyo aliyesimama mbele yenu naye anaumwa, halali, anahesabu chupa, anadanganya kwa bosi wa mumewe. Al-Anon ipo tangu 1951 kwa ajili ya ndugu na marafiki wa wanywaji na anaweza kwenda hata kama yule mwingine hajaacha na hataacha. Mpigieni na yeye simu palepale, utaratibu ni uleule.

Na mtu akianguka, akanywa tena, tafadhali ile sura ya "tulikuambia" muiache. Tayari ameshajiambia mwenyewe mabaya kuliko yote mnayoweza kumwambia. Kitu anachotaka kujua wakati huo ni kama bado anaruhusiwa kurudi. Kwetu anaruhusiwa, sharti la kuwa mwanachama wa AA ni moja tu, nia ya kuacha kunywa, haliulizi umeanguka mara ngapi. Na kwenu iwe hivyo, asifutwe kwenye kliniki kwa sababu amekosa miadi au amekuja ananuka, maana kumfukuza mtu kwa kuwa na dalili za ugonjwa uleule aliokuja kutibiwa sielewi kunamsaidia nani.

Najua wengi wenu hamjawahi kukaa kwenye mkutano, na ndo maana mnapomwelekeza mtu mnashindwa kumwambia atakuta nini. Basi njooni. Nendeni mkutano wa wazi, hata wiki hii, hamhitaji mwaliko wala cheo na hakuna kujiandikisha. Mtakuta viti, chai labda, mtu mmoja anaongoza. Wanasoma maneno machache ya kufungua. Halafu watu wanaongea mmoja mmoja, wanasema jina la kwanza tu, na mwingine akiongea humkatizi, humshauri, humjibu, unasikiliza. Zamu ikikufikia unaweza kusema mimi leo nasikiliza tu, wanasema asante, inaenda kwa mwingine. Baada ya saa moja au moja na nusu kinafungwa, na watu hawaondoki haraka, wanabaki wamesimama wanaongea, na hapo ndipo kazi kubwa inafanyika, mtu anampa mwenzake namba, anamwambia ukisikia hamu usiku nipigie usione haya. Msiandike chochote mkiwa ndani, na mliyemuona humo mkikutana naye nje msimtaje kwamba mlionana huko.

Mkitoka ombeni kuonana na anayepokea wageni. Mwambieni mnafanya kazi wapi. Atawapa namba yake na ya mwanamke mmoja wa kikundi, na mgonjwa wa kwanza mtakayekuwa naye kesho asubuhi anayesema nataka kuacha, pigeni akiwa bado amekaa kwenye kiti.

Mwanachama mmoja wa kikundi.